Sahani Aliyoichagua Amersuda

Siku Amersuda alipoivunja sahani ya mama yake, alikuwa akigombana na mpangaji wake kwa sababu ya umeme.

Ugomvi wenyewe haukuwa mpya. Mpangaji huyo, Kaliroi, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na nguo zisizoisha madoa, alikuwa mfinyanzi. Alikuja kutoka Athene akapanga chumba cha chini ya nyumba, kile ambacho zamani marehemu mume wa Amersuda alikuwa akifungia punda, akaingiza humo gurudumu lake, magunia ya udongo na tanuri la umeme. Kila alipowasha tanuri, taa za juu zilififia na friji ikaguna. Siku ile vyote vilizimika kabisa. Amersuda alikuwa amesimama juu ya kigoda akifuta vumbi ukutani, maana wageni wa posa ya binti yake walitarajiwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Akachungulia dirishani, sahani mkononi, akaanza kumpasha Kaliroi aliyekuwa uani. Amersuda hakuwa mtu wa kusema huku mikono imetulia. Alipofika pale pa kumwambia kwamba hii ni nyumba na wala si kiwanda, mkono ulikwenda na maneno, na sahani ikaenda na mkono.

Ilipasukia miguuni pa Kaliroi. Wanawake wote wawili wakaitazama.

"Umeniua," alisema Amersuda kutoka dirishani.

"Mama, mimi nimesimama tu huku chini."

"Ndiyo. Umesimama na tanuri lako."

Kaliroi alichuchumaa akaanza kuokota vipande akivitia kwenye aproni yake, na jinsi alivyoviokota taratibu, hata kile kilichoviringika chini ya ndoo, ilimfanya Amersuda afunge dirisha ili asionekane akilia.

Katika kisiwa kizima cha Skiros nyumba haihesabiwi kuwa nyumba mpaka ukuta wa meko uwe na sahani, na ukuta wa Amersuda ulisifiwa kuanzia Hora, mjini juu, mpaka chini bandarini. Sahani zote alizipata kwa mama yake, na mama yake alizipata kwa mama yake mzazi, na kila moja ilikuwa na msumari wake. Samaki wawili hapa, tausi pale, ile yenye makomamanga juu yao. Alipokuwa msichana alifundishwa mpangilio huo kama wenzake walivyofundishwa sala, na tangu hapo alizishusha, akazifuta, akazirudisha, bila kuhamisha hata moja. Frosini, binti yake wa pekee, angezirithi siku ya harusi pamoja na nyumba. Iliyovunjika ilikaa katikati kabisa: ndege mwenye mkia kama ufagio. Sasa mahali pake palibaki duara la chokaa, jeupe kuliko ukuta wote, na ukiingia mlangoni macho yalikwenda hapo moja kwa moja, kama kwa mtu aliyeng'oka jino la mbele.

Frosini, aliyekuwa muuguzi katika zahanati ya kisiwani, aliporudi kazini alimkuta mama yake amekaa akilitazama pengo. Alimwambia kwamba mchumba wake, Stratos, wala asingegundua. Stratos alikuwa daktari wa mifugo. Aliletwa kisiwani kuwatibu wale farasi wafupi wa Skiros, akamaliza kuwatibu, asiondoke. Hiyo Frosini aliiona kuwa dalili ya mtu anayejali mambo ya maana.

"Yeye hatagundua," Amersuda alisema. "Shangazi yako je?"

Marigo, shangazi wa Frosini, dada wa marehemu baba yake, angeweza kugundua msumari uliopinda akiwa barabarani.

Kesho yake Amersuda alishuka chini. Hakuwa amekanyaga kizingiti kile tangu punda auzwe. Alimkuta Kaliroi amevitandaza vile vipande mezani. Sehemu kubwa ya ndege ilikuwepo, ila kichwa kilikuwa kimesagika unga. Amersuda alimwambia kwamba yaliyopita yamepita, na kwamba kwa kuwa yeye ni mtu wa sahani, basi amchoree nyingine, ndege yuleyule, mkia uleule, iwe tayari kabla ya Jumapili.

Kaliroi alifuta mikono. Alisema alikwisha kujaribu tangu jana yake jioni, kisha akamwonyesha karatasi. Amersuda alizipitia moja moja. Ndege wa kwanza alifanana na kiatu. Wa pili alifanana na kiatu kilicholowa. Wa tatu alikuwa na macho ya mtu anayedaiwa kodi.

"Umesomea kazi hii?" aliuliza Amersuda, safari hii bila ukali wowote, kwa mshangao tu.

"Miaka mitano, mama. Mwalimu wangu wa uchoraji aliniomba nisichore tena kitu chenye miguu."

Amersuda alijizuia asicheke, akashindwa. Kaliroi naye akacheka, na baada ya hapo hawakuweza kugombana vizuri kama zamani. Kaliroi akamwambia atazame alizonazo rafuni, achukue yoyote, iwe zawadi ya Frosini na fidia ya umeme.

Rafu zilijaa sahani mpaka darini, na hakuna hata moja iliyochorwa kitu. Hivyo ndivyo Amersuda alivyoziona mwanzoni: rangi tupu, mikwaruzo, madoa. Alishika moja, akauliza kama hiyo ndiyo anayopangusia brashi. Kaliroi akasema hapana, hiyo imeonyeshwa Athene na watu wakasimama kuitazama. Amersuda akauliza walisimama kwa muda gani. Kisha akatoa kamba aliyokuwa amepimia lile duara jeupe, akaanza kupima. Nyingi zilikuwa ndogo mno. Zilizotosha zilikuwa mbili.

Moja ilikuwa ya kijani, na mistari ya kupendeza iliyozunguka ukingo kwa utulivu. Ya pili ilikuwa na buluu nzito iliyotanda upande mmoja kama iliyomwagwa na mtu aliyekasirika, mistari mitatu myeusi iliyokatiza juu yake kwa haraka, na pembeni kabisa, karibu ianguke, nukta ya manjano kama kiini cha yai. Amersuda aliishika ya kijani, akasema hii ina adabu. Akaiweka. Akaishika ya buluu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Akarudi kwa ya kijani. Kaliroi alikuwa amerudi kwenye udongo wake na alijifanya haoni. Mwishowe Amersuda alitoka na ya buluu chini ya kwapa.

"Kwa nini hiyo, mama?" Kaliroi alimuuliza mlangoni.

"Kwa ajili ya kipimo," alijibu Amersuda, akapanda ngazi.

Aliitundika, akarudi nyuma hatua chache, na moyo ukamshuka. Katikati ya samaki na tausi na makomamanga, sahani ile ilikaa kama mgeni aliyeingia harusini na nguo za kazini. Aliishusha. Akatundika kalenda ya kanisa. Akaishusha kalenda, akairudisha sahani. Alikuwa bado juu ya kigoda mlango ulipofunguliwa na Marigo akaingia na kapu la mayai.

Marigo hakuketi. Alisimama katikati ya chumba, akaweka kapu chini polepole.

"Wifi," alisema, "kuna mtoto aliyekumwagia wino?"

Ikumbukwe kwamba Amersuda mwenyewe, dakika chache kabla, alikuwa amewaza jambo hilohilo, karibu kwa maneno hayohayo. Lakini kuliwaza wewe ni kitu kimoja, na kulisikia kutoka kinywani mwa wifi yako ni kingine. Alishuka kigodani akajisikia akisema kwamba hii ni sahani ya kisasa, kazi ya mkono, kwamba nyingine kama hii hakuna duniani, na kwamba watu huko Athene husimama foleni kutazama kazi za aina hii. Hilo la foleni aliliongeza mwenyewe.

Marigo alisema hana shaka. Watu wa Athene husimama foleni hata kwa basi lisilokuja. Kisha, kwa sauti ya huruma iliyomchoma Amersuda kuliko kejeli, alisema anaweza kumwazima sahani yake ya ndege, ile yenye mkia mzuri, kwa siku hiyo moja tu, ili wakwe wasije wakadhani familia imeishiwa.

Amersuda alishawishika. Akilini aliiona sahani ya Marigo katikati ya ukuta, na ukuta umekamilika, na mama yake akiwa radhi huko aliko. Aliona pia Marigo akiwaelekeza wageni wote, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole, kwamba ile ni yake.

"Ahsante, wifi," alisema. "Yangu inatosha."

Siku zilizobaki alipika, akafagia, akapaka chokaa ngazi, na kila alipopita mbele ya meko aliitupia jicho ile sahani. Kwanza kwa hasira. Baadaye kwa kuizoea. Siku moja mchana, jua lilipoingia kwa pembe, nukta ile ya manjano iliwaka kiasi kwamba alisimama na sufuria mikononi mpaka maharage yakaungua. Frosini alipouliza harufu gani hiyo, alisema ni tanuri la chini.

Jumapili wageni walifika na meli ya asubuhi kutoka bandari ya Kimi. Walikuja wachache: Stratos, ambaye alikwenda bandarini kuwapokea, dada zake wawili, na baba yake, Mzee Zisis, mtengeneza jibini kutoka Elasona, mji wa bara, mwanamume mpana, mjane, mwenye mikono mikubwa misafi na mazoea ya kusikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu. Alileta pipa dogo la jibini na akaliweka mlangoni bila kusema neno, kama mtu anayeogopa kwamba litaonekana dogo. Amersuda alimpenda papo hapo.

Marigo alikuwa amekwisha kuketi. Alichagua kiti kilicho chini ya sahani ya buluu hasa, ili kila atakayezungumza naye aione. Glasi za kwanza zilipokwisha kunywewa kwa afya ya wachumba, na ladopita, ule mkate mtamu wa mafuta ya zeituni usiokosekana penye posa, ulipokwisha kuzungushwa, alimgeukia Mzee Zisis akamwambia kwamba wifi yake amekuwa mtu wa sanaa siku hizi, na kwamba wao wengine wote wameshindwa kujua ile pale juu ni nini. Je, yeye, mkwe, anaona nini?

Kaliroi, aliyekaribishwa na kuketi karibu na dirisha katika gauni lisilo na doa hata moja, aliinamisha uso kwenye glasi yake. Frosini alimkanyaga Stratos chini ya meza, naye Stratos asijue kwa nini.

Mzee Zisis aliitazama kwa muda. Alisema yeye haelewi mambo ya picha. Akatazama tena. Akasema inaonekana imara.

Marigo alitabasamu, na kwa jibu hilo angeweza kuishi mwezi mzima.

Kisha nyama ikafika. Mbuzi alikuwa ameokwa kwa mwoka mikate, kwa limau na majani ya oregano, na Stratos na dada zake waliingia na sinia linalofuka moshi hata watu wakasahau sanaa. Meza ilikuwa imejaa. Saladi, jibini, mikate, chupa. Hapakuwa na pa kuweka hata kijiko. Amersuda aliyekuwa akigawa alijikuta amempakulia kila mtu, na sahani zimekwisha, na yeye mwenyewe hana. Alisema si kitu, atakula baadaye jikoni. Akina mama wote wa Skiros husema hivyo, na siku zote huachwa wale jikoni.

Mzee Zisis hakuwa mtu wa Skiros. Kwao Elasona sahani ni ya kulia. Aliinuka, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Marigo, akaishusha sahani ya buluu kutoka msumarini, akaifuta kwa kitambaa cha meza, akachagua paja zuri, kipande cha mbavu na viazi viwili, akamiminia mchuzi, akaiweka mbele ya Amersuda na kumsogezea kiti.

"Kaa, mkwe," alisema. "Haiwezekani mwenye nyumba ale amesimama."

Katika chumba kile, kwa kumbukumbu ya yeyote aliye hai, hakuna aliyewahi kula kwenye sahani ya ukutani. Wakati wa njaa ya vita, bibi yake Amersuda aliuza vitanda, lakini sahani zilibaki misumarini. Marigo alifanya ishara ya msalaba. Frosini alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na Stratos, ambaye hatimaye aliona kuna jambo, alianza kumwita baba yake kwa sauti ya chini.

Mzee Zisis alitazama nyuso zote hizo na mkono wake ukabaki kwenye mgongo wa kiti.

"Nimekosea?" aliuliza. "Kwani si sahani?"

Amersuda alikuwa akiitazama. Mchuzi ulikuwa umetanda juu ya buluu ukaipa giza la kupendeza, mistari myeusi ilitokeza chini ya viazi, na kando ya limau, nukta ya manjano ilikaa kana kwamba iliwekwa hapo kuusubiri mchana huu. Alimfikiria mama yake. Alitegemea kuona aibu, akaitafuta, asiipate. Alichoona ni kwamba ana njaa, na kwamba mtu amempakulia, jambo ambalo halijatokea tangu mumewe afe.

Aliketi.

"Ni sahani, mkwe," alisema. "Na nyama inapoa."

Akala. Ndipo watu walipoanza kucheka, kwanza dada zake Stratos, kisha wote. Kaliroi alicheka mpaka akatokwa machozi. Aliposhindwa kujizuia alisimama na kusema kwamba wasiwe na wasiwasi, rangi ile imechomwa, haitoki na haidhuru. Alisema ameuza sahani Athene, Thesaloniki na nje ya nchi. Wamezitundika, wameziwekea taa, mmoja amezifungia kwenye kabati la kioo. Lakini kwa miaka yote hiyo hajawahi kumwona mtu akila kwenye hata moja. Halafu akaketi, akajipangusa macho, na Mzee Zisis, aliyedhani amemliza, akamwongezea divai.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kuonja kutoka kwenye sahani ile. Frosini alichukua kipande cha mbavu, Stratos akachukua kiazi, mwoka mikate aliyepita kuchukua sinia lake akaombwa achovye. Marigo alivumilia kadiri alivyoweza. Mwishoni, palipobaki mchuzi tu, alisema ni dhambi kuutupa, akavunja kipande cha mkate, akaivuta sahani na kuanza kuipangusa. Kila mkate ulipopita, buluu ilitokea. Alipangusa kwa uangalifu mkubwa kuliko ambavyo mchuzi ulihitaji. Alipofika kwenye ile manjano aliusimamisha mkate.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "hii nukta."

"Naijua," alisema Amersuda.

Marigo alimalizia mkate wake, na wiki ile ile akashuka kwa Kaliroi, kwa mlango wa nyuma, kuuliza kama kuna nyingine, ila ya kijani, yenye adabu.

Harusi ilifanyika Septemba. Amersuda alihamia chumba kidogo cha upande wa pili wa ua, kama ilivyo desturi, akaiacha nyumba na ukuta kwa binti yake. Sahani zote zilibaki kwenye misumari yake isipokuwa ya buluu, ambayo aliifunga kwenye taulo na kuibeba mwenyewe. Frosini alimuuliza aweke nini katikati. Amersuda alifungua mdomo, akaufunga. Alisema yeye alipewa ukuta uliojaa, hakuna aliyemuuliza, na alikuwa na miaka sitini na tatu alipochagua sahani yake ya kwanza. Frosini asingoje hivyo. Walicheka, na duara jeupe likaendelea kukaa tupu majira yote ya baridi, wala hakuna aliyeona aibu.

Tangu hapo Amersuda alikula kwenye sahani ya buluu kila siku: mayai asubuhi, dengu mchana, jibini la Elasona lililokuja na kila meli ambayo Mzee Zisis alipata kisingizio cha kuipanda, na visingizio hivyo havikuwa vichache. Kaliroi alijiwekea umeme wake mwenyewe, lakini aliendelea kupanda juu kunywa kahawa, na mara nyingi alikaa kuitazama sahani ikichafuka.

Mwaka uliofuata mwanamke mmoja kutoka Athene alifika kisiwani. Alikuwa akiandaa maonyesho ya kazi za Kaliroi, na Kaliroi alikuwa amemwambia kwamba iliyo bora kuliko zote iko juu, kwa mama mmoja. Mgeni alibisha hodi saa ya chakula. Alimkuta Amersuda na Mzee Zisis mezani, na kazi hiyo imejaa biringanya. Alieleza kwa heshima nyingi kwamba angependa kuiazima, kwamba ingesafirishwa kwenye sanduku maalumu, na kwamba watu wengi sana wangeiona.

Amersuda alimkaribisha kiti, akampa uma. Alifikiri huku akitafuna. Hakutaka kuwa mchoyo, na alijua Kaliroi angefurahi.

"Njoo uichukue Kwaresima," alimwambia mwishowe. "Wakati huo huwa sina cha maana cha kuwekea."